Maswali ya Wasomaji: Kamera za Demo na Zilizokarabatiwa

Barua nne za mwezi huu, mbili kutoka Lamu na mbili kutoka Malindi, zinagusa jambo moja: kununua dukani kamera au lenzi ambayo si mpya kabisa lakini pia haiuzwi kama mtumba. Nimezijibu zote pamoja, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu maswali yake yanawahusu wengi.

SWALI: Assalaam aleikum, mshauri. Mimi ni mpiga picha wa kike hapa Langoni, na riziki yangu ni harusi, hasa upande wa akina mama ambako wapiga picha wa kiume hawaingii. Kamera yangu imechoka. Duka moja la Nairobi limenipa chaguo la kamera mbili za aina moja: ya kwanza ni ya demo na bei yake imeshushwa kwa thuluthi, na ya pili imekarabatiwa na imeshushwa kwa robo. Muuzaji anasema zote mbili ni sawa na mpya. Je, ni kweli? Nichukue ipi?
Mpiga picha wa harusi, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikumu salaam, dada yangu. Si kweli kwamba ni sawa na mpya, na wala hizo mbili zenyewe si sawa. Kamera ya demo ni ile iliyowekwa juu ya kaunta au kupelekwa kwenye maonyesho ili wateja waishike, waigeuze na kuijaribu. Pengine ilikaa wiki mbili tu, pengine ilikaa miaka miwili, na kwa kawaida hakuna fundi aliyeifungua kuikagua kabla haijawekwa sokoni. Iliyokarabatiwa ni ile iliyorudi kwa sababu fulani, ama mteja alibadili nia, ama ilikuwa na hitilafu, kisha ikapitia mikononi mwa fundi ikarekebishwa na kupimwa. Ipo na aina ya tatu ambayo hukuitaja, yaani ile iliyofunguliwa boksi na mteja ikarejeshwa siku chache baadaye bila kutumika sana. Mara nyingi hii ndiyo iliyo karibu zaidi na mpya, kwa hiyo muulize muuzaji kama anayo.

Neno “imekarabatiwa” halina mwenyewe. Mtengenezaji analitumia kwa kamera iliyopita kwenye karakana yake, ikabadilishwa vipuri na kupimwa kwa vifaa vyake, na muuzaji naye anaweza kulitumia kwa kamera aliyoifuta vumbi kwa kitambaa na kuitia katika boksi jipya. Kwa hiyo usiulize kama imekarabatiwa. Uliza imekarabatiwa na nani, kipuri gani kilibadilishwa, na ni jina la nani lililo chini ya karatasi ya dhamana. Hata watengenezaji wenyewe hutofautiana. Huko Marekani, Canon imekuwa ikitoa dhamana ya mwaka mmoja kwa kamera ilizozikarabati yenyewe, ilhali Nikon kwa miaka mingi ilitoa siku 90. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe aliwahi kutoa siku 90 tu, basi duka linalokuahidi kwa mdomo “dhamana ndefu” bila kuandika muda wake halijakupa kitu.

Ushauri wangu ni huu. Kwa upande wa kamera yenyewe, chukua iliyokarabatiwa, mradi karatasi ionyeshe kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtengenezaji au karakana iliyoidhinishwa naye. Kwa upande wa lenzi, demo haina neno, na mara nyingi ndiyo biashara nzuri kuliko zote dukani. Sababu ni kwamba kamera ni mtambo wenye sehemu zinazochakaa kwa kuguswa. Anayejaribu kamera kwenye kaunta hubonyeza kitufe na kukishikilia ili asikie kasi ya shata, yaani pazia la ndani linalofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa, na kila anayefuata hufanya vivyo hivyo. Lenzi huvuliwa na kubadilishwa kutwa, na kila inapovuliwa sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, hubaki wazi kwa vumbi. Skrini huachwa ikiwaka tangu asubuhi hadi duka linapofungwa. Lenzi, kwa upande wake, mara nyingi hukaa ndani ya kabati la vioo na hutolewa tu mteja anapoomba.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, omba idadi ya mibonyezo ya shata. Nikon huiandika idadi hiyo ndani ya faili la picha, kwa hiyo muuzaji akikutumia picha moja ambayo haikupunguzwa ukubwa wala kupitishwa kwenye WhatsApp, utaisoma mwenyewe kwenye kompyuta. Kamera nyingi za Canon haziandiki humo, na itabidi duka liipate kwa programu ya mafundi. Ilinganishe na kiwango ambacho mtengenezaji aliijaribia shata hiyo. Kwa mfano, Canon 5D Mark IV ilijaribiwa kwa mibonyezo 150,000, Nikon D850 kwa 200,000, na Canon R6 kwa 300,000. Kiwango hicho si ahadi, kwani zipo zinazokufa mapema na zipo zinazokipita mbali, lakini kinakusaidia kupiga hesabu. Ukipiga picha 2,500 katika harusi moja kuanzia kupamba hadi bibi harusi kutolewa nje, basi mibonyezo 150,000 ni harusi 60. Kamera iliyokwisha kula 50,000 imekula harusi 20 zako. Fahamu pia kwamba kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani zinaweza kupiga kwa shata ya kielektroniki, na aghalabu picha hizo hazihesabiwi. Idadi ndogo ya mibonyezo kwenye kamera ya demo haina maana kwamba haikufanya kazi.

Pamoja na idadi hiyo, omba picha mbili. Ya kwanza ipigwe kuelekea ukuta mweupe au mbingu safi, tundu la lenzi likiwa limefinywa hadi f/16; kila chembe ya vumbi iliyo kwenye sensa itaonekana kama doa la kijivu. Vumbi husafishika, lakini doa lisilotoka baada ya kusafishwa ni jambo jingine. Ya pili ipigwe kwa sekunde 30 huku kifuniko cha lenzi kikiwa kimefungwa. Nukta nyekundu, za buluu au nyeupe katika giza hilo ni vijisehemu vya sensa vilivyoharibika. Vichache ni kawaida hata kwa kamera mpya. Vikijaa kama nyota, achana nayo.

Uliza pia kama aina hiyo ya kamera ilikuwa na ugonjwa unaojulikana. Nikon D600 iliyotoka mwaka 2012 ilisifika kwa kuchafua sensa yake yenyewe kwa vumbi na mafuta, hata mwaka 2014 Nikon ikalazimika kuzikagua na kubadilisha shata bila malipo. Kamera ya aina hiyo iliyotibiwa ni nzuri sana mpaka leo, ilhali isiyotibiwa itakusumbua, na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo muuzaji wa Nairobi halifikirii, nalo ni umbali. Kamera ikiharibika mikononi mwako itavuka kwa boti hadi Mokowe, itapanda basi hadi Mombasa au Nairobi, itasubiri zamu yake kwa fundi, kisha irudi kwa njia hiyo hiyo. Mwezi wa Shaaban harusi zinapofululizana kabla ya mfungo, wiki tatu bila kamera si usumbufu tu, ni riziki inayokwenda kwa mwingine. Kwa hiyo usilinganishe bei mbili peke yake. Toa kwenye punguzo nauli ya kifurushi kwenda na kurudi, na gharama ya kukodi kamera ya mwenzako kwa harusi mbili au tatu. Punguzo likibaki na uzito baada ya hapo, nunua. Likiyeyuka, ongeza pesa uchukue mpya, au ngojea. Hakikisha pia kwamba punguzo limepigwa juu ya bei ya leo ya kamera mpya, wala si juu ya bei iliyotoka nayo miaka minne iliyopita, kwa sababu bei za kamera hushuka zenyewe aina mpya inapoingia.

Kamera ikifika, ijaribu siku hiyo hiyo kwa namna unavyofanya kazi. Ikiwa ina nafasi mbili za kadi, zitie kadi zote mbili uipige mfululizo, kwa maana nafasi ya pili ndiyo ambayo watu wa kaunta hawaijaribu. Vika taa ya flashi juu yake uitingishe kidogo huku ukipiga, uone kama inakatika. Chomeka waya katika kila tundu.

Na ikiwa itabidi uirudishe, dada yangu, toa kadi kwanza. Ukitaka kumwonyesha muuzaji hitilafu, piga picha ya ukuta au ya mlango umtumie hiyo. Usimtumie picha ya ukumbini hata ikiwa ndiyo inayoonyesha hitilafu vizuri zaidi. Wanawake waliovua mabuibui mbele yako walikuamini wewe, hawakulijua duka wala fundi wake.

SWALI: Shikamoo, mshauri. Ninaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ghuba ya Mida na mdomo wa mto Sabaki. Ninataka lenzi ndefu ya milimita 150 hadi 600, na duka la Mombasa lina moja ya demo. Nitaweza kwenda mwenyewe kuiona. Niangalie nini?
Mwongoza watalii, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenda mwenyewe ni nusu ya kazi. Chukua kamera yako, kadi tupu, na simu yenye tochi kali.

Anza na tochi. Ondoa vifuniko vyote viwili, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, na upitishe mwanga kutoka upande mmoja huku ukitazama kwa upande mwingine, ukiinamisha lenzi taratibu. Utaona vumbi, usilijali, kwani chembe chache ndani ya lenzi hazionekani kwenye picha na hakuna lenzi ndefu isiyo nazo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zenye matawi, mfano wa utando wa buibui, ambazo aghalabu huanzia pembeni mwa kioo. Hiyo ni kuvu. Lenzi iliyokaa kwenye kabati la duka la Mombasa msimu mzima wa masika, bila kiyoyozi usiku, imeishi katika unyevu ambao kuvu inaupenda. Kuvu ikikaa muda mrefu hula tandiko la juu la kioo, na hapo hata fundi akiisafisha kovu hubaki. Ukiiona, hata kama ni kidogo, usishawishiwe na bei. Tafuta vilevile utusitusi kama pumzi kwenye kioo usiofutika kwa kitambaa, na alama za kutu kwenye skrubu za pete ya chuma inayoshika kamera, kwani kutu hapo ni habari ya chumvi.

Kisha ishike. Lenzi za aina hii zina uzito wa karibu kilo 2, na ikining'inizwa kichwa chini mrija wake haufai kuporomoka wenyewe. Zungusha pete ya kukuza kutoka 150 hadi 600 na kurudi, usikilize. Pakikwaruza kama pana mchanga, basi pana mchanga, na watu wa pwani tunajua mchanga ukiingia hautoki kwa kupuliziwa.

Jaribio la mwisho ndilo ambalo wengi hulisahau. Ifungie lenzi kwenye tripodi mbele ya ukuta wa mawe au wa matofali, iwe sambamba na ukuta, na upige kwa 600 tundu likiwa wazi kabisa. Kuza picha kwenye skrini utazame pembe nne moja baada ya nyingine. Pembe zote zikififia kidogo kwa usawa, hiyo ndiyo tabia ya lenzi. Moja ikiwa na ukungu huku tatu zikiwa kali, kuna kioo kilichohama mahali pake, na kwa lenzi ya demo sababu kubwa ni kuanguka. Nje haitakuwa na hata mkwaruzo. Baada ya hapo toka mlangoni mwa duka umlenge kunguru anayeruka, kwa sababu lenzi inaweza kushika fokasi vizuri kwa ukuta na kushindwa kabisa kwa kitu kinachokwenda.

Hakikisha ina kola ya tripodi (pete ya kuifungia lenzi kwenye tripodi), kivuli cha mbele na vifuniko vyote. Vitu hivi hupotea kwenye maduka, na kola ya kununua peke yake si rahisi.

Ukishaipata, usiihifadhi katika mkoba wake wa kitambaa, kwani mkoba hushika unyevu. Tafuta chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, kama vile vya kuwekea vyakula, utie pakiti za kukausha unyevu za silika pamoja na kipima unyevu kidogo, na uhakikishe kipimo kinabaki kati ya asilimia 40 na 50. Silika za rangi hubadilika zikishiba maji, na zikikaushwa kwa joto hutumika tena. Asubuhi ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache lenzi ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo itatoka jasho ndani na nje.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye studio ndogo ya picha za pasipoti na familia. Mwanangu aliye Dubai amepata huko kamera iliyokarabatiwa kwa bei nzuri kuliko ya hapa, na pia ameniambia kuna zinazotoka Japani ambazo ni rahisi zaidi. Unashauri nini?
Mwalimu mstaafu, Barani, Malindi

JIBU: Bwana mwalimu, kwa kazi ya studio, ambako kamera hukaa kwenye tripodi na kupiga picha chache kwa siku, iliyokarabatiwa inakutosha kabisa. Tatizo ni mahali itakapotoka. Dhamana ya kamera nyingi ni ya nchi au eneo ilikouzwa, na iliyokarabatiwa huwa na masharti makali zaidi kuliko mpya. Ikiharibika, huenda ikabidi irudi Dubai kwa mkono wa mtu. Mwanao aulize dukani kwa maandishi kama dhamana hiyo inafanya kazi Kenya. Jibu likiwa hapana, ihesabu kama kamera isiyo na dhamana, na bei yake iwe ya kamera isiyo na dhamana. Ikiletwa kama kifurushi, kumbuka pia VAT ya asilimia 16 pamoja na ada nyingine za forodha, ambazo mara nyingi humaliza tofauti ya bei.

Kuhusu Japani, ni kweli kwamba watu wa huko hutunza vitu, na kamera zao huwa safi. Lakini kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kubadilisha lugha. Omba picha ya ukurasa wa lugha kwenye menyu kabla ya kulipa. Chaja haina shida, kwani nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, na utahitaji adapta ya plagi tu. Betri itazame kwa makini: iliyovimba hata kidogo, inayoingia kwa kulazimishwa, isitumike.

SWALI: Nilinunua kwa M-Pesa lenzi “iliyokarabatiwa” kutoka duka la Nairobi. Ilipofika Lamu nikakuta haishiki fokasi yenyewe. Duka linasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na kwamba pengine imeharibikia kwenye boti. Je, nina haki yoyote?
Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Unayo, ndugu yangu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na ile ya zamani ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo hutaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Lenzi iliyotangazwa kuwa imekarabatiwa na inafanya kazi, kisha haishiki fokasi, hailingani na maelezo. Kibandiko cha “hairudishwi” ukutani hakilifanyi duka lisiwajibike kwa alichokitangaza muuzaji.

Sheria hiyo hiyo ya Uuzaji wa Bidhaa ina upande mwingine ambao wasomaji wangu wa Malindi wanaokwenda dukani wenyewe wauzingatie. Mnunuzi aliyekikagua kitu kabla ya kununua hawezi baadaye kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Wewe uliyenunua ukiwa mbali hukupata nafasi ya kukagua, na katika hilo uko pazuri zaidi.

Dai la boti ndilo gumu, kwa sababu ni neno lako dhidi ya lao. Kusanya ulicho nacho: tangazo lenyewe kabla halijafutwa, mazungumzo yenu yote, ujumbe wa M-Pesa, risiti, stakabadhi ya kampuni ya basi, na picha za boksi. Boksi lisilobonyea, lenye vitambaa vya kutosha ndani, linasema kitu. Liandikie duka barua fupi yenye tarehe, ukitaja nambari iliyochongwa kwenye lenzi, kasoro uliyoikuta, siku uliyoigundua na unachodai, yaani kurudishiwa pesa au kubadilishiwa, na uwape muda maalumu wa kujibu. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji. Ukifika mahakamani, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Kwa wengine wanaongojea vifurushi Mokowe: fungueni boksi hapo gatini kabla ya kuvuka, simu ikirekodi bila kukatwa tangu utepe ukiwa mzima, ionyeshe nambari ya kamera au lenzi karibu, kisha tieni betri mpige picha mbili tatu video ikiendelea. Baada ya hapo ndipo mshuke kwenye boti, na kifaa kikiwa ndani ya mfuko usiopenya maji.